Mwenye Funguo za Nchi ya Ukungu

Mafundisho ya mwezi wa Pasaka. Masomo: 1 Petro 3:18-22 na Ufunuo 1:17-18.



Kila Jumapili tunaposimama kanisani na kuikiri imani yetu, yako maneno machache ambayo vinywa vyetu huyapita upesi, kama mtu apitaye mbele ya nyumba asiyokuwa na jamaa ndani yake. Tunakiri ya kuwa Bwana wetu aliteswa, akasulibiwa, akafa, akazikwa. Kisha, kabla hatujafika asubuhi ya Pasaka, tunakiri ya kuwa alishuka kwenye makao ya wafu. Hapo hatukawii. Tunakimbilia ufufuo, na kwa kweli ni furaha kuukimbilia. Lakini mwezi huu tumeona vema tukae kidogo mahali hapo, maana katika sharika zetu limetokea jambo lililotuonyesha kwamba maneno hayo tunayasema pasipo kuyajua bado. Jambo lenyewe tutalieleza mbele, nalo ni la kututia haya. Kwanza twende mbali kidogo, mpaka nchi za kaskazini ya Ulaya, kwa watu wa kale walioiogopa nchi ya wafu kwa namna yao, tusikie walivyosema.

1. Nchi ya ukungu na baridi

Watu wa kale wa Norwei, Uswidi, Denmark na Isilandi, kabla hawajabatizwa, walikuwa na hadithi nyingi juu ya mwanzo wa dunia na mwisho wake. Nyingi katika hizo zilihifadhiwa na mtu mmoja wa Isilandi, jina lake Snorri Sturluson, aliyezaliwa mwaka 1179 na kuuawa mwaka 1241. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo, na kisiwa chake kilikuwa kimekwisha kuipokea Injili zaidi ya miaka mia mbili. Lakini aliyapenda mashairi ya wazee, akaona ya kuwa vijana hawatayafahamu wasipojua hadithi zilizomo ndani yake. Basi karibu na mwaka 1220 akaziandika katika kitabu kiitwacho Edda.

Katika hadithi hizo imetajwa nchi iitwayo Niflheim, na maana ya jina hilo ni makao ya ukungu. Sisi tukaao milimani, Kilimanjaro na Usambara na penginepo, twaujua ukungu. Twajua jinsi asubuhi unavyofunika migomba hata mtu asimwone jirani yake, na jinsi sakitu inavyounguza mazao. Lakini jua likipanda kidogo, ukungu wetu huondoka. Kwa watu wale sivyo. Huko kaskazini kabisa ya Norwei, majira ya baridi, jua halichomozi hata mara moja kwa majuma mengi. Maziwa hugeuka kuwa mawe. Mtu akipotea njia usiku mmoja tu, pengine asubuhi hukutwa amekauka kama gogo. Basi watu hao walipotaka kulitaja jambo la kuogofya kupita yote, walitaja baridi pamoja na ukungu na giza.

Walisema ya kwamba Niflheim ilikuwako zamani sana kabla ya nchi kuumbwa. Katikati yake pana chemchemi, jina lake Hvergelmir, na kutoka humo hububujika mito mingi yenye maji ya sumu. Mito hiyo ilipokwenda mbali na chemchemi yake iliganda, barafu ikapanda juu ya barafu, ikajaza upande wa kaskazini wa shimo kubwa lililokuwa tupu. Upande wa kusini ilikuwako nchi ya moto, iitwayo Muspell. Hewa ya moto ilipokutana na sakitu, sakitu ikayeyuka, ikadondoka. Na katika matone hayo akatokea jitu mmoja, jina lake Ymir. Baadaye Odin na ndugu zake wakamwua Ymir, wakaifanya nchi kwa nyama yake, na bahari kwa damu yake, na milima kwa mifupa yake, na mbingu kwa fuvu la kichwa chake.

Ndugu, msicheke. Tutafakari kwanza. Watu hawa walikuwa na akili, tena walikuwa mabaharia hodari, waliofika Greenland na hata pwani ya Amerika. Walitazama dunia yao, wakaona ya kuwa uhai ni kitu kidogo sana katikati ya baridi na moto, wakasema: dunia hii imetoka katika sumu iliyoganda, nayo imejengwa kwa maiti. Walisema pia ya kwamba uko mti mkubwa uushikao ulimwengu wote, na shina lake moja linafika Niflheim, na huko chini yumo joka, jina lake Nidhogg, alitafunaye shina hilo usiku na mchana. Yaani waliamini ya kuwa chini ya kila kitu kinachosimama kuna meno yanayokitafuna. Je! Nani kati yetu, aliyekwisha kuzika mtoto, hakuwaza hivyo walau usiku mmoja?

2. Jumba la Hel

Katika nchi hiyo ya ukungu, Odin alimtupa mwanamke mmoja, binti wa Loki, jina lake Hel. Nusu ya mwili wake ina rangi ya mtu mzima wa afya, na nusu ina rangi ya samawati iliyoiva kama ya maiti. Akapewa mamlaka ya kuwapokea na kuwagawia makao wote wanaopelekwa kwake. Analo jumba kubwa lenye kuta ndefu na malango makubwa. Sahani yake inaitwa Njaa. Kisu chake kinaitwa Ukame wa Tumbo. Mtumishi wake wa kiume na wa kike, wote wawili, wana majina ya watu waendao polepole hata usiweze kujua kama wanakwenda. Kizingiti chake ni cha kujikwaa, na kitanda chake kinaitwa Kitanda cha Ugonjwa.

Jina la mwanamke huyo halikupotea. Wajerumani, Waingereza, Waswidi, Wadenmark na Wanorwei, wanapotaka kutaja jehanamu, hata leo hutumia neno la ukoo mmoja na jina lake. Sisi tumelipokea neno jehanamu kutoka bonde la Hinomu karibu na Yerusalemu, ambako wafalme Ahazi na Manase waliwapitisha watoto wao motoni. Watu wa kusini waliogopa moto, na watu wa kaskazini waliogopa baridi. Hofu ni ile ile.

Lakini sasa angalieni ni watu gani waliopelekwa kwa Hel. Tungefikiri ya kuwa ni wauaji na wevi tu. La. Snorri asema kweli ya kwamba waovu hushuka huko, tena chini zaidi; lakini wale waliotajwa kwanza kuwa wageni wa Hel ni watu waliokufa kwa ugonjwa na watu waliokufa kwa uzee. Aliyekufa vitani, silaha mkononi, huyo alichaguliwa aende kwenye jumba la Odin, akale nyama na kunywa pombe pamoja na mashujaa. Aliyekufa kitandani, ijapokuwa alikuwa mtu mwema, ijapokuwa alilea watoto kumi na kulima shamba lake maisha yake yote, njia yake ilishuka chini kaskazini, penye ukungu. Hofu hiyo ilikuwa kubwa hata katika kitabu kingine Snorri asimulia ya kuwa Odin mwenyewe, alipokuwa akifa kwa ugonjwa, alijitia alama kwa ncha ya mkuki, ili ahesabiwe pamoja na waliokufa vitani.

Wazee wetu wa pwani wana mithali isemayo: Kufa kikondoo, ndiko kufa kiungwana. Waliona ya kuwa kumtii Mungu kwa utulivu saa ya kufa ni heshima kuliko kelele. Mithali hiyo ni nzuri, nasi tunaipenda. Lakini tujihoji: je, matendo yetu yanaifuata mithali hii, au yanafuata desturi ya watu wa Odin?

3. Jicho moja lililo kavu

Kabla hatujajibu, tusikie hadithi moja zaidi. Odin alikuwa na mwana, jina lake Baldr, aliyependwa na wote. Mama yake alivitaka vitu vyote ulimwenguni viape ya kwamba havitamdhuru. Aliacha kijimea kimoja tu kiotacho juu ya miti mingine, kwa kuwa alikiona kichanga mno. Loki akalijua hilo, akakitia kijimea hicho mkononi mwa ndugu yake Baldr aliyekuwa kipofu, akamwelekeza upande wa kutupa, na Baldr akaanguka amekufa. Kwa kuwa hakufa vitani, akashuka kwa Hel.

Ndipo Hermod, ndugu yake mwingine, akampanda farasi wa Odin, akaenda siku tisa usiku na mchana katika mabonde yenye giza, hata akafika kwenye mto na daraja lake lililoezekwa dhahabu. Mlinzi wa daraja akastaajabu, akamwambia ya kuwa jana makundi matano ya wafu yalipita hapo, lakini daraja halikutoa kishindo kikubwa kuliko kishindo chake yeye mmoja aliye hai. Hermod akaruka lango, akaingia, akamwona ndugu yake amekaa katika kiti cha heshima, akamsihi Hel amwachilie. Hel akajibu ya kwamba ikiwa vitu vyote ulimwenguni, vilivyo hai na vilivyokufa, vitamlilia Baldr, basi atarudi. Bali kimoja tu kikikataa, atabaki.

Wajumbe wakatumwa ulimwenguni kote. Wakalia watu, wakalia wanyama, ikalia nchi na mawe na miti na kila chuma, kama vile vitu vitokavyo kwenye baridi kali vinavyotokwa na maji vikiletwa penye joto. Lakini katika pango moja wakamkuta jitu mwanamke, aliyesema ya kuwa yeye atalia kwa machozi makavu tu, na Hel akishike alicho nacho. Watu wakadhani ya kuwa huyo alikuwa Loki. Basi kwa sababu ya jicho moja kavu Baldr hakurudi.

Sisi tunaihesabu hadithi hii kuwa ya kweli katika jambo moja: haimdanganyi mtu. Yasema ya kuwa mauti haifunguliwi kwa machozi, hata ulimwengu wote ukilia. Kila mama aliyelala juu ya kaburi ajua hivyo. Watu wale walifika mpaka mlango wenyewe, wakagonga, wakasihi, wakarudi mikono mitupu. Hapo hadithi yao ilikoma, maana mwanadamu hana la kuongeza.

4. Yeye aliyeshuka

Basi sasa na turudi kwenye Imani yetu. Bwana Yesu naye alishuka. Lakini tazameni tofauti zake. Hermod alikwenda akiwa hai, juu ya farasi, na daraja lilitoa kishindo kwa kuwa hakuwa na rangi ya wafu. Bwana wetu hakupanda farasi. Alikwenda njia ile ile wanayokwenda watu wote: alikufa kweli, akafungwa sanda, akalazwa kaburini. Rangi yake ilikuwa rangi ya wafu. Tena hakwenda kumwombea mmoja aliye mzuri na mpendwa wa wote. Alikwenda kwa ajili yetu tusio na haki, naye ndiye mwenye haki. Wala hakuuliza masharti. Hakuambiwa akusanye machozi. Mtume Yohana, katika sura ya kwanza ya Ufunuo, alimwona akiwa na funguo za mauti na za kuzimu mkononi mwake. Na mwenye funguo habishi hodi.

Mwaka 1533 Daktari Martin Luther alihubiri juu ya jambo hili katika ngome ya Torgau. Aliwaonya watu wasilichunguze kwa werevu mwingi, wala wasiulize mambo yalikuwa namna gani huko. Alisema yatosha kulishika kwa moyo wa kitoto: ya kuwa Kristo, mtu kamili na Mungu kamili, alishuka, akalivunja lango, akamnyang'anya Shetani nguvu zake, hata asiweze tena kuwashika wamwaminio. Nao wazee wa Kanisa letu, walipoandika Kanuni ya Upatano mwaka 1577, waliyaelekeza makanisa kwenye hotuba hiyo katika sehemu ya tisa, wakaishia hapo. Nasi tutaishia hapo. Hatuna haja ya kupima urefu wa kuta za kuzimu. Yatupasa kujua jambo moja tu, ya kuwa hakuna ukungu ambao Bwana hajapita ndani yake, wala kitanda cha ugonjwa ambacho hajui ugumu wake.

Na dunia yetu haikutoka katika sumu, ndugu. Ilitoka katika Neno, na Neno huyo alifanyika mwili. Chini ya shina la vitu vyote hayumo joka. Wako mikono yenye makovu.

Injili hiyo ndiyo iliyofika kwa wale watu wa kaskazini. Mtawa Ansgar alikwenda Birka katika Uswidi mwaka 829. Baadaye mji wake wa Hamburg ukachomwa na mabaharia wa Denmark mwaka 845, naye hakuiacha kazi hata alipokufa mwaka 865. Isilandi iliamua katika baraza la taifa mwaka 1000. Msemaji wa sheria, Thorgeir, aliyekuwa bado hajabatizwa, alilala chini ya nguo yake mchana kutwa na usiku kucha bila kusema neno, kisha akatoka na kuamua ya kwamba watu wote wawe na sheria moja na wabatizwe. Lakini kwanza waliruhusiwa kushika desturi chache za zamani, na mojawapo ilikuwa kuwatupa nje watoto wachanga wasiotakiwa. Baada ya miaka michache ruhusa hiyo iliondolewa. Na ilikuwa lazima iondolewe. Watu waliomjua Mungu aliyeshuka mahali pa baridi hawakuweza tena kumwacha mtoto baridini. Hivyo ndivyo tunavyojua kama Injili imeingia kweli katika nchi: tutazame ni nani anayeachwa nje.

Watoto wa watu wale walikuja mpaka kwetu. Bengt Sundkler, mtu wa Uswidi, alifika Tanganyika mwaka 1942 kuzisaidia sharika za Bukoba wakati wa vita, na mwaka 1961 akawa askofu wa kwanza wa Kanisa huko. Aliyemfuata, mwaka 1964, alikuwa mwana wa nchi yenyewe, Josiah Kibira. Tunayataja haya ili mtu asiseme ya kuwa Wakristo wa Ulaya walizaliwa na Biblia mkononi. Babu zao waliogopa kama babu zetu.

5. Jambo la kututia haya

Sasa tulieleze lile tuliloliahidi. Katika mojawapo ya sharika tulizozitumikia, walifariki watu wawili katika juma moja. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye cheo, aliyejenga nyumba kubwa na kutoa mabati ya kanisa. Kwaya tatu ziliimba, wachungaji wanne walikuja, na hotuba zilidumu hata jua likapinduka. Hatusemi ya kuwa hilo lilikuwa baya. Mwenye kustahili heshima apewe.

Wa pili alikuwa bibi mmoja aliyelala kitandani miaka mitatu kwa ugonjwa wa miguu na mgongo. Habari zake zilipoletwa, tulikuwa tumechoka. Tukasema, mwinjilisti atatosha. Kisha dhamiri ikatusumbua, tukaenda. Tulikuta watu wanane kaburini, na ukungu umeshuka mpaka migombani. Tulipomaliza, mjukuu wake, msichana aliyekuwa akimlisha na kumwosha, alitusogelea akasema kwa adabu, "Baba Mchungaji, asante kwa kuja. Bibi alikuwa akiuliza kila Jumapili, kengele ikilia, kama leo mtamletea Chakula cha Bwana. Nami nilimjibu, labda Jumapili ijayo, Bibi."

Tulimwuliza ni lini alipoletewa mara ya mwisho. Akasema, "Pasaka, Baba. Siyo hii iliyopita. Ile ya kabla yake."

Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulirudi nyumbani, tukatazama daftari la usharika, tukaona ya kuwa msichana amesema kweli. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya wagonjwa, na mbele ya jina hilo nafasi tupu, mwezi kwa mwezi. Wazee wa kanisa walidhani mwinjilisti huenda. Mwinjilisti alidhani mchungaji huenda. Mchungaji, yaani sisi, hakudhani lo lote.

Ndugu zangu wachungaji na wazee, basi ni nani aliyemjengea bibi huyu jumba la Hel? Hakukuwa na jitu wala joka. Kitanda chake kilikuwa kitanda cha ugonjwa. Sahani yake ilikuwa njaa, maana aliona njaa ya mkate ule kwa muda wa Pasaka mbili. Na watumishi wake walikwenda polepole mno hata hakuna aliyeweza kujua kama wanakwenda. Watumishi hao tulikuwa sisi. Tulihubiri kila mwaka ya kuwa Kristo alishuka hata kwa wafu, na sisi hatukushuka hata mwendo wa nusu saa bondeni kwa aliye hai.

Wala tusijifiche nyuma ya desturi. Tukimwimbia sana aliyekufa na nguvu na jina, na kumzika haraka aliyekufa taratibu kwa uzee, tumerudi kwa Odin, ijapokuwa tunaimba tenzi za Bwana. Bwana wetu mwenyewe alisema ya kuwa yumo katika mgonjwa ambaye hakutazamwa. Hakusema ya kuwa atamtuma mtu aulize habari zake baadaye.

Hata hivyo iko faraja, nayo haikutoka kwetu. Kama bibi yule angekuwa chini ya sheria ya Hel, angepotea, maana waliomlilia walikuwa wachache, na macho makavu yalikuwa mengi, macho yetu yakiwamo. Lakini ufufuo wake haukuwekwa juu ya hesabu ya machozi. Alibatizwa. Jina lake alilijua yule mwenye funguo, hata siku zile ambazo daftari letu lilikuwa tupu. Yeye alimtangulia huko chini, akalipasha joto kaburi kabla yake. Siku ya mwisho, bibi hatatuuliza sisi njia.

6. Na babu zetu?

Wengi watauliza: na wale waliokufa kabla Injili haijafika kwetu, je? Swali hilo ni la zamani. Inasimuliwa juu ya Radbod, mtawala wa Wafrisia aliyekufa mwaka 719, ya kuwa alikwisha kutia mguu mmoja katika maji ya ubatizo, akauliza baba zake wako wapi. Alipojibiwa ya kuwa wako jehanamu, akautoa mguu, akasema afadhali kukaa pamoja nao. Ikiwa kisa hiki ni cha kweli, basi aliyemjibu alifanya kosa: alishika funguo zisizo zake. Petro asema ya kuwa Kristo alikwenda akawahubiri roho waliokuwa kifungoni. Zaidi ya hapo hakutufunulia mengi. Sisi hatuwezi kuwafungia babu zetu, wala hatuwezi kuwafungulia. Twajua tu funguo ziko katika mkono uliotobolewa, na mkono huo twauamini.

Waswidi wa kwanza waliobatizwa, miaka ya 1000 na kitu, waliacha mawe makubwa yaliyochorwa misalaba na maandishi. Kwa baadhi yake, hasa katika jimbo la Uppland, wameandika ya kwamba walijenga daraja kwa ajili ya roho ya baba au ya mwana aliyekufa. Sisi tulio Walutheri hatufundishi ya kuwa roho hununuliwa kwa daraja. Kristo amekwisha kulipa. Lakini hatuwezi kuwalaumu sana. Zamani walijua daraja moja tu, lile lipitwalo na wafu kwenda chini. Walipomjua Kristo, wakaanza kujenga madaraja yanayowavusha walio hai kwenye matope, waende kanisani.

Hayo ndiyo tunayowaomba kila usharika mwezi huu. Kabla ya Ijumaa Kuu, mchungaji na wazee waketi na daftari la wagonjwa na wazee wasioweza kutembea. Kila jina lipewe siku, na kila siku ipewe mtu, na mtu huyo aende kwa miguu yake. Chakula cha Bwana kiwafikie wote kabla kengele ya Pasaka haijalia. Vijana wachukue kuni na maji. Na akifa mmoja wao, kwaya iende, ijapokuwa mvua inanyesha, imwimbie kama ilivyomwimbia yule wa mabati. Msichana yule anayemlisha bibi yake, yeye naye apumzishwe siku moja katika juma. Maana yeye peke yake, kwa muda wa miaka mitatu, ndiye aliyekuwa Kanisa nyumbani mle.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyeshuka mahali ambapo sisi tunaogopa hata kupataja: utusamehe ukawivu wetu. Uwakumbuke waliolala katika ukungu wa maumivu na usahaulifu. Utupe miguu ya kukufuata chini bondeni, kabla hatujakufuata juu. Nasi saa yetu itakapofika, kwa vita au kwa homa au kwa uzee, utukute kwa mkono ule ule wenye funguo. Amin.